Massey Kuukuu na Mikono Isiyokaa Juu



Leo tunazungumzia trekta kuukuu, na hasa mikono yake ya nyuma, ile inayobeba plau. Nikisema trekta kuukuu nina maana ya Massey Ferguson 135 la miaka ya 1960 na 1970, lile 35 lililolitangulia, na Ferguson TE20 la kijivu lililoyatangulia yote mawili. Ukipita vijiji vya Karatu majira ya kulima, 135 bado utalikuta shambani likipishana na matrekta yaliyotengenezwa miaka mingi baada yake. Injini yake ya Perkins ya silinda tatu haina makuu. Ipe dizeli safi, oili, na chujio la hewa lisilojaa vumbi, itawaka. Kinacholiangusha trekta hili ni haidroliki.

Dalili zake wengi mnazijua. Unavuta liva, plau halibanduki chini. Au linanyanyuka vizuri asubuhi oili ikiwa ya baridi, ikifika saa sita mchana oili imeshapata moto, linagoma. Au linapanda, ukizima injini linashuka taratibu mpaka linalala. Au, na hii ndiyo inayowasumbua watu zaidi, linapanda na kushuka lenyewe, juu chini, juu chini, muda wote injini inaponguruma.

Katika hali zote hizo jibu la haraka la mafundi wengi ni moja: pampu imekufa, tafuta pampu. Mimi nasema tulia kwanza. Pampu ni kifaa ghali, na kuitoa ni kazi ndefu. Kuinunua kabla ya kupima ni kutupa fedha ya mbegu. Na nina neno la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Mikono ile haikubuniwa ili ibebe plau barabarani. Kazi yake kubwa inafanyika plau likiwa ndani ya udongo, na huko ndiko tulikoiacha ife.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Aliyebuni mfumo huu ni Harry Ferguson, aliyezaliwa mwaka 1884 County Down, kaskazini mwa Ireland. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alipewa kazi ya kuzunguka mashambani Ireland kuwaonyesha wakulima namna ya kuyatumia matrekta vizuri zaidi. Matrekta ya wakati ule yalikokota plau vilevile farasi alivyolikokota, kwa kifungo kimoja nyuma. Plau likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kung'ang'ana, na kwa kuwa hayakuweza kwenda mbele, trekta liliinua pua, likabinuka kinyumenyume na kumlalia dereva. Watu walikufa kwa namna hiyo.

Ferguson akaacha habari ya kukokota. Alilifunga plau kwenye trekta kwa pointi tatu: mikono miwili ya chini inavuta, na fimbo moja ya juu, ile tunayoiita toplinki, inasukuma. Plau likizama, udongo unalishika sehemu ya chini, na sehemu ya juu inataka kuegemea mbele. Msukumo huo unapita kwenye toplinki na kuukandamiza mwili wa trekta. Pua inabaki chini, na magurudumu ya nyuma yanapata uzito wa kushika ardhi. TE20 lilikuwa na uzito wa kama kilo 1,100 tu, lakini lililima kazi iliyohitaji trekta zito zaidi, kwa sababu uzito lililoukosa lilikopeshwa na plau lenyewe.

Kuna wazo lake jingine, aliloliombea hataza mwaka 1925, na hapa ndipo penye akili ya jambo zima. Wazo ni hili: kama toplinki inasukuma kwa nguvu zaidi udongo unapokuwa mgumu, basi acha msukumo huohuo uiamrishe haidroliki. Kwa hiyo nyuma ya trekta, pale toplinki inapofungwa, kuna springi nene. Plau likikuta udongo mgumu, springi inabanwa, inasukuma wenzo wa ndani, vali inafunguka, plau linapanda kidogo na mzigo unapungua. Udongo ukilainika, springi inalegea, plau linarudi chini. Dereva hajagusa kitu.

Habari ya biashara yake nitaipita haraka. Mwaka 1936 trekta lake la kwanza la kuuzwa lilitengenezwa kwa ushirikiano na David Brown, Uingereza. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford wa Marekani kwa kushikana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka 1939 likatoka Ford 9N. Makubaliano yale yaliishia mahakamani. Mwaka 1946 TE20 lilianza kutengenezwa Coventry, na hadi mwaka 1956 yalikuwa yametoka zaidi ya 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris ya Kanada, na jina tunalolitamka kila siku likachimbuka hapo.

Sasa tuingie ndani ya 135. Kitu cha kwanza kukijua ni kwamba giaboksi, difu na haidroliki zinatumia oili moja, bwawa moja la zaidi ya lita 30. Chembe za chuma zinazosagika kwenye gia ziko katika oili ileile inayokwenda kwenye pampu. Maji yakiingia popote, yameingia kote. Na maji yanaingia kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Tazama mpira unaofunika shina la liva ya gia. Katika matrekta mengi ya umri huu mpira huo umepasuka au haupo kabisa. Trekta linalala nje, mvua inanyesha usiku kucha, maji yanafuata shina la liva na kushuka ndani. Baada ya misimu miwili oili imekuwa nyeupe kama uji. Oili ya namna hiyo inaleta kutu kwenye vali na kwenye silinda, na hakuna sili mpya itakayodumu ndani yake. Kabla ya kununua chochote, nunua mpira huo.

Katikati ya bwawa imekaa pampu, yenye pistoni nne, inayozungushwa na shafti ileile ya PTO, yaani ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha zana. Ajabu yake ni kwamba vali inayoiongoza iko upande wa kunyonya. Vali ikifunga, pampu inazunguka bila kitu cha kusukuma, na oili iliyokwishapanda inabaki imefungiwa huko juu, mikono inakaa ilipo. Vali ikisogea upande mmoja, pampu inanyonya na mikono inapanda. Ikisogea upande wa pili, njia ya kurudishia inafunguka na mikono inashuka kwa uzito wake. Kwenye 135 vali hiyo hutikiswa kidogokidogo muda wote pampu inapozunguka, ili isigande mahali pamoja. Ndiyo sababu trekta lililosimama mwaka mzima linaweza kugoma kunyanyua siku ya kwanza, wakati hakuna kilichovunjika. Vali imeshikwa na kutu au na oili iliyoganda, na hakukuwa na wa kuitikisa.

Kutoka kwenye pampu oili inapanda kwa bomba fupi la wima mpaka kwenye kifuniko kikubwa kilicho chini ya kiti. Ndani ya kifuniko kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayosukuma wenzo, wenzo unazungusha shafti ya mikono. Njia yote ni hiyo. Ukiikariri, umeshakuwa nusu ya fundi, kwa sababu kila ugonjwa niliokutajia uko mahali fulani kwenye njia hii.

Tuanze na yale yasiyogharimu kitu. Pima oili, trekta likiwa kwenye tambarare. Oili ikipungua, pampu inanyonya hewa, na mikono inapanda kwa kushtukashtuka, hasa mlimani. Kisha angalia mguu wako. Kwenye TE20 ukikanyaga klachi umesimamisha na pampu pia, basi usitegemee plau linyanyuke ukiwa umekanyaga. Na liva yake ya PTO isipoingizwa, pampu haizunguki kabisa. Matrekta ya 35 na 135 yenye klachi ya hatua mbili yanakuruhusu kukanyaga nusu: trekta linasimama, pampu inaendelea. Ukikanyaga hadi mwisho, vyote vinasimama. Dereva aliyejifunza kwenye trekta jingine hajui hili, na anaweza kulaumu pampu isiyo na kosa.

Halafu kuna liva zenyewe. Kwenye 135 ziko mbili karibu na kiti. Moja naiita liva ya kimo: popote unapoiweka, mikono inakwenda kukaa kimo hicho. Ya pili naiita liva ya kulimia, hiyo ndiyo inayosikiliza springi. Kila moja ina mahali pa kukaa wakati mwenzake anafanya kazi, na kitabu cha trekta kinaonyesha. Ukiziacha zote katikati, mikono haijui imtii nani. Tena, liva ya kimo ikisukumwa kupita kiasi hadi mwisho wake, pampu inasukuma bila kukoma. Hapo ni mahali pa tela la kubinua. Ukiiacha hapo huku unalima au unasafiri, utasikia mlio wa kukwaruza chini ya kiti. Ni vali ya usalama inapumua presha, na oili inapata moto bure. Kwenye TE20 vali hiyo hufunguka presha inapofika takriban 2000 psi, na 135 linafanya kazi kwa presha ya juu zaidi ya hiyo. Usiichezee vali ya usalama kwa kuikaza. Presha ya kiasi hicho inapasua chuma, na oili inayochomoka kwenye tundu dogo inaingia mwilini kupitia ngozi. Usitafute mvujo kwa kidole.

Kama yote hayo yako sawa, pima. Funga plau, linyanyue hadi juu, zima injini, utazame. Na hapa nakuomba kwa moyo wote: usiweke mguu, mkono wala kichwa chini ya plau linaloshikiliwa na oili peke yake. Weka magogo imara chini yake, yakiwa na nafasi ndogo ya kukuonyesha kama linashuka. Likishuka haraka, oili inarudi bwawani kupitia mahali fulani. Na lile linalocheza juu chini injini ikiwaka ni ugonjwa huohuo: oili inavuja, mikono inashuka kidogo, wenzo wa ndani unaiambia vali ifungue, pampu inajaza, mikono inapanda, inavuja tena. Kwa hiyo plau linalocheza mara nyingi ni ushahidi kwamba pampu ni nzima. Ingekuwa imekufa, nani angelipandisha kila mara?

Mvujo huo unaonekana kwa macho. Ubavuni mwa trekta, chini ya usawa wa kiti, kuna vifuniko vilivyofungwa kwa bolti, na kimojawapo ndicho chenye kijiti cha kupimia oili. Hilo ni dirisha. Nilimtazama fundi mmoja Karatu akilitumia kwa 135 ambalo mwenye nalo alikwishaambiwa akanunue pampu. Alipunguza oili mpaka ikawa chini ya mdomo wa dirisha, akafungua kifuniko, akatandika gunia chini, akalala ubavu na tochi mkononi. Plau lilikuwa limenyanyuliwa na magogo yako chini yake. Hakuharakisha. Alifuta kwanza kwa kitambaa kila alipoweza kufika, ili atofautishe oili ya zamani na inayotoka sasa. Kisha akaita: njoo utazame. Kutoka juu, kwenye mdomo wa silinda, kulikuwa kukavu. Kwenye mwili wa pampu, hakuna kitu. Lakini pale bomba la wima linapoingia kwenye pampu kulikuwa na utepe mwembamba wa oili unaoteremka bila kukatika. Tatizo lilikuwa oringi ya mguu wa bomba. Imekauka, imekuwa ngumu, na alipoitoa ilikatika vipande mkononi mwake. Oringi yenyewe haifiki bei ya lita moja ya oili.

Haiwi hivyo kila mara, na sitaki kukudanganya. Oili ikichuruzika kutoka kwenye mdomo wa silinda, pistoni haizibi. Ikitoka kwenye pampu yenyewe, ni vali au sehemu za pampu. Na kama hakuna kinachovuja lakini mikono haina nguvu, funga geji ya presha kwenye kibao kidogo cha kutolea oili kilicho juu ya kifuniko kikubwa, ulinganishe na kipimo cha kitabu. Geji ndiyo yenye haki ya kuihukumu pampu.

Bomba la wima linatoka kwa juu, bila kushusha kifuniko kizima. Unafungua kibao kile kidogo na kulivuta. Lina oringi juu na chini, na zote zibadilishwe kwa pamoja. Pistoni ikihitaji kuguswa, hapo kifuniko kikubwa lazima kitoke. Toa kiti, fungua fimbo zinazounganisha mikono ya juu na ya chini, toa toplinki, na tena nasema, vuta bomba la wima kwanza. Ukinyanyua kifuniko bomba likiwa bado limesimama ndani, unaweza kulipinda au kuumiza pampu chini yake. Kifuniko ni chuma cha kalibu chenye silinda na shafti ndani yake, kwa hiyo kinyanyuliwe kwa winchi au kwa watu wa kutosha walioelewana.

Kikiwa mezani, osha, kausha, pitisha ukucha ndani ya silinda. Mikwaruzo ambayo ukucha hauisikii inaweza kusuguliwa kwa msasa laini. Shimo la kutu linaloshika ukucha litakula kila sili utakayoweka. Badilisha silinda, au utafanya kazi hii tena msimu ujao. Ringi au sili za pistoni zinatofautiana kwa toleo, hivyo nenda dukani na namba ya trekta na kifaa cha zamani mkononi. Paka oili safi kabla ya kuingiza, na usizisukume kwa bisibisi, maana mkato mdogo tu kwenye sili unatosha kurudisha ugonjwa. Gasketi iwe ya karatasi ya unene uleule. Kuna tabia ya kujaza silikoni kila mahali. Silikoni inayozidi inakatika kuelekea ndani, inaelea kwenye oili na kwenda kuziba chujio la waya lililo kwenye mdomo wa kunyonya wa pampu. Unakuwa umeziba nje na kuziba pumzi ya pampu kwa pamoja.

Wakati wa kurudisha kifuniko kuna mahali pamoja panapohitaji subira. Wenzo mrefu unaning'inia kutoka kwenye kifuniko kwenda kukutana na vali ya pampu. Mmoja ashushe winchi polepole, mwingine aingize mkono kwenye dirisha la ubavuni auongoze ukae mahali pake. Ukikaa pembeni, bolti zote zitafungwa vizuri, trekta litawaka, na mikono haitasogea, au itapanda isirudi.

Sasa nije kwenye lile lililonileta studio leo, springi ya toplinki. Simama nyuma ya trekta, toplinki ikiwa imetolewa. Shika kile kishikio inapofungwa, kivute kwako, kisukume. Kikicheza, hata kidogo, haidroliki haipati habari sahihi kutoka ardhini. Kabla springi haijaanza kubanwa, msukumo wa plau unamalizikia kwenye ule ulegevu, halafu habari inafika kwa ghafla, na plau linaruka badala ya kupanda kwa utulivu. Ulegevu unaondolewa mahali pawili: pale kishikio kinapojifunga kwenye shina la springi, na pale springi yenyewe inapokaa kwenye kifuniko kwa nati yake kubwa. Kaza mpaka mchezo wa kwenda mbele na nyuma uishe, lakini springi isibanwe. Bado uweze kuizungusha kwa mkono. Kisha funga kizuizi chake ili isilegee. Ni kazi ya muda mfupi na haihitaji spea yoyote, kama nyuzi hazijaliwa na kutu.

Nimeona matrekta ambayo kishikio hicho kimechomelewa moja kwa moja kwenye kifuniko. Springi ilisumbua, nati ilishika kutu, mtu akaona njia ya mkato ni welding. Trekta hilo litanyanyua plau. Litabeba plau kwenda na kurudi. Lakini shambani limekuwa kiziwi. Likikuta mwamba au ukanda wa udongo mgumu, halipunguzi kina. Dereva anabaki kuinua na kushusha liva mwenyewe kutwa nzima, magurudumu yanateleza na kusaga tairi, injini inazama, dizeli inakwisha, na kina cha mtaro kinakuwa mabonde na vilima. Mwenye shamba anasema trekta limezeeka, halina nguvu. Nguvu ipo. Kilichouawa ni kiungo kilichoifanya nguvu ndogo itoshe. Na kwenye 135 springi hiyo inafanya kazi pande zote mbili, kubanwa na kuvutwa, kwa hiyo hata zana nyepesi inayoivuta toplinki nyuma inasikilizwa. Kuichomelea ni kuharibu kitu kizuri sana ambacho mwenye trekta alikwishakilipia.

Wengine wameitoa toplinki na kufunga cheni, au wanavuta magogo kwa kuyafunga pale juu ilipokuwa toplinki. Hapo tunarudi kule alikokukimbia Ferguson zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mzigo ukifungwa juu ya ekseli, trekta linabinuka, na linabinuka haraka kuliko dereva anavyoweza kukanyaga klachi. Mzigo wa kukokota ufungwe chini, kwenye kifungo chake.

Ukishamaliza matengenezo, usilitie plau barabarani kwenda kumlimia mtu. Lijaribu kwanza kwenye kipande unachokijua, chenye udongo mgumu na laini. Weka liva ya kulimia mahali plau linapofika kina unachotaka, kaza kizuizi kidogo kilicho kwenye reli ya liva ili kila mzunguko urudi palepale, kisha lima bila kugusa kitu. Shuka, upime mtaro kwa kijiti chenye alama, mahali pagumu na mahali palaini. Tofauti ndogo ni ya kawaida, ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Plau likirukaruka, punguza kasi ambayo mikono inaijibu springi, kama kitabu cha trekta kinavyoonyesha, kabla ya kufikiria kingine. Lisipobadilika kabisa mahali pagumu, rudi ukaguse kishikio cha springi.

Jioni shusha plau lilale ardhini, usiliache limening'inia usiku kucha, watoto na mifugo wanapita. Pima oili tena, kwa sababu silinda na bomba vilivyokuwa vikavu vimekunywa sehemu yake. Na kama oili ya zamani ilikuwa na maji, ile mpya uliyoweka itabeba masalia yaliyobaki pembeni. Baada ya siku chache za kazi, mimina kidogo kwenye chupa ya kioo, iache mpaka asubuhi uone kama maji yametulia chini. Yakiwapo, imwage yote ingali ya moto, ukifungua nati zote za kumwagia, kwani ziko zaidi ya moja na ukifungua moja tu uchafu mwingine unabaki ndani. Kisha weka oili ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha trekta lako.